Mpira Mmoja wa Daktari Rungu

Mwaka wa 2003, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shida zikaanza. Nimeanza hapo kwa sababu sipendi kuzunguka. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya baba. Nimeshika kalamu kwa ajili ya harufu.

Juzi mvua ilinyesha hapa Bungoma mpaka mitaro ikafurika, na mteja mmoja akaingia hotelini kwangu na mkoba wa ngozi uliolowa. Mkoba wa zamani, uliopakwa mafuta ya mgando miaka mingi ili usipasuke. Akauweka karibu na jiko ukauke. Ngozi ilipopata joto ikaanza kutoa harufu yake, nzito, tamu kidogo, kama viatu vya mzee wa kanisa Jumapili asubuhi. Nilikuwa nasukuma chapati. Mkono ukasimama wenyewe.

"Mathe, uko sawa?" msichana anayenisaidia akauliza.

"Geuza hiyo chapati, inaungua," nikamwambia, kisha nikaenda nyuma, nikaketi juu ya debe na kuunusa mkono wangu wa kulia kama mtu aliyerukwa na akili.

Usidhani mimi ni mtu wa kulialia. Shule niliachia darasa la tano. Wadogo zangu wanne nimewasomesha mimi, mmoja ni mwalimu, na akikosea hesabu namrekebisha. Watu wa soko huniita mzee ingawa sijafika umri huo. Nilianza kuzeeka mapema, na jina limenikaa. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nilikaa juu ya debe nikinusa mkono, ujue si jambo la kila siku.

Baba alipokwenda, mama alibaki na sisi watano na kipande cha shamba ambacho ndugu za baba walikuwa tayari wanakipima kwa macho. Akatugawa. Wadogo wawili kwa nyanya, wawili akabaki nao, mimi nikapelekwa Kiminini, upande wa Kitale, kwa senge, yaani dada ya baba. Mama mwenyewe akaenda Bungoma mjini, akapata chumba kimoja nyuma ya soko, akaanza kupika chapati na madondo, maharagwe ya kuchemsha, kwa watu wa mikokoteni. Siku ya kuniacha aliniambia, "Nikipata pa kusimama nitakuja kukuchukua. Nahitaji mtu wa kukanda unga. Wewe una mikono mizuri."

Senge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe na roho ya kuwalisha. Lakini nyumba yake ilikuwa ya kazi, na msimu wa mavuno wa mwaka ule tulikuwa tunazunguka na mashine ya kupukuchua mahindi, ile inayovutwa na trekta kutoka boma moja hadi lingine. Wanaume wanamimina mahindi juu, wanawake wanashika gunia, watoto wanavuta magunzi kutoka chini. Vumbi lake linawasha shingo, kelele zake hazikuachi hata ukilala. Siku moja mkono wa sweta yangu ulishikwa na mkanda. Mambo mengine ya siku ile siyakumbuki na sitayabuni. Nakumbuka tu trekta lilizimwa na kukawa na kimya, na nikasikia njiwa.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda walisema vidole vitatu vikatwe. Senge alisimama katikati ya chumba, akafunga leso yake vizuri kiunoni na kusema, "Hamkati kitu hapa. Huyu si wangu. Huyu nitamrudisha kwa mwenyewe akiwa mzima." Akanibeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja na miguu inaburuta, akanipeleka kwa Daktari Rungu.

Sasa lazima nikueleze huyu mtu.

Alikuwa mtu wetu, Mbukusu kabisa, kwao upande wa Misikhu. Alipokuwa kijana alirusha mkuki shuleni mpaka wakampeleka Amerika asome huku akirusha. Kule mtu akamwona mkono, akamwekea mpira mkononi badala ya mkuki, mpira mdogo mgumu wa ule mchezo wao wa kupiga kwa rungu. Akawa analipwa. Miaka kadhaa aliishi kwa kurusha mpira, wala hakuwa na kazi nyingine. Jambo hili liliwashinda watu wa Kiminini. "Ati alilipwa kurusha? Na kuokota alilipwa nani?" Halafu bega likaharibika, mshahara ukaisha, na mtu mzima na ndevu zake akarudi darasani kuanza kusomea udaktari na vijana wadogo. Akarudi nyumbani na kichwa chenye mvi, akafungua kliniki ya mabati kando ya barabara. Ukutani akatundika rungu lake. Ndiyo sababu ya jina.

Watu walimheshimu lakini walimgawa nusu. Walisema mtu aliyekula maisha yake michezoni atajua mifupa tu. Kwa hiyo walimletea vifundo vilivyoteguka, mbavu za walevi na wachezaji wa kandanda. Kuna mzee alimletea ndama. Lakini homa, tumbo, kifua na uzazi walimpita navyo mlangoni wakipunga mkono, wakaenda kupanga foleni mbali. Alikuwa akikaa kwenye benchi lake la nje akiwatazama wakipita na homa zao.

"Daktari," Senge alimwambia siku ile, akinishusha, "sijakuletea homa. Nimekuletea mifupa."

"Mama, hata homa natibu."

"Ya homa tutaona siku ingine. Angalia mkono."

Akaangalia. Hakusema pole, na nilimpenda kwa hilo. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Unaitwa nani?"

"Naliaka."

"Naliaka, huu mkono ni wako ama ni wa mashine?"

"Ni wangu."

"Basi tuurudishe."

Alinishona akiimba kwa pua. Alinifunga bendeji mpaka kiwiko, nikakaa hivyo mpaka Krismasi ikapita. Bendeji ilipotoka, chini yake kulikuwa na kitu cha rangi mbili mbili, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku aliyekufa. Havikufunguka. Nilivitazama nikafikiria unga. Mama alikuwa ametuma neno kupitia mama mmoja mwuza vitunguu aliyekuwa akipita Kiminini kila wiki: amepata jiko la pili, ananihitaji, je, mkono unashika? Kwa sababu chumba kile kilikuwa kidogo na kazi nyingi, na asiye na mkono angekuwa mdomo tu. Hakusema hivyo. Nilijua mwenyewe.

Daktari akaingia ndani, akatoka na mpira mweupe uliogeuka kahawia, wenye uzi mwekundu ulioshonwa kuzunguka kama njia ya siafu. Akaupachika ndani ya vile vidole vyangu vilivyokufa.

"Kazi yako ni mpira usianguke."

Ulianguka. Aliokota. Ulianguka tena.

Kuanzia siku ile nilikwenda kila jioni baada ya kuleta maji. Nyuma ya kliniki kulikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa miti ya saipras, tangi la maji upande mmoja, na katikati kichuguu kidogo cha udongo alichokijenga mwenyewe kwa jembe. Kumbe katika mchezo ule mrushaji husimama mahali palipoinuka. Lakini pale kwetu, rundo la udongo la urefu ule nyuma ya nyumba ni kaburi tu. Watoto walisema amezika pale mikono aliyoikata. Watu wazima walisema si mikono, ni mke Mzungu. Mama wa vitunguu alipopita alikuwa akitema mate begani. Wiki ya kwanza nilishika mpira huku nikilia, si kwa maumivu, bali kwa sababu nilidhani mkono wangu ukishindwa utaingia pale chini na wenzake.

Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa. "Hapa nimezika vitu vyangu mwenyewe," akasema. "Panda." Nikapanda. Udongo ulikuwa wa joto. Nikaona tangi, nikaona moshi wa jikoni kwa Senge na juu ya saipras kipande cha mlima Elgon.

Basi tukawa tunacheza. Kwanza kushika, kisha kuviringisha, kisha kurusha karibu, kisha mbali. Mkono wa kushoto alinivisha glavu yake, kubwa kama sufuria, ya ngozi iliyolainika kwa mafuta na jasho. Hiyo ndiyo harufu. Nilikuwa nikiweka uso ndani yake mpira ukiwa kwake. Alinifundisha kudaka bila kufumba macho. "Mpira si nyuki. Uangalie mpaka uingie." Yeye alipokuwa akirusha, mkono wake ulipanda mpaka usawa wa bega halafu ukagoma, kama mlango uliokwama kwenye jiwe, akaumalizia kando. Nilidhani ndivyo mchezo unavyochezwa. Nikajifunza kurusha hivyo hivyo, chini ya sikio, na mpaka leo narusha hivyo.

Hakuwa msemaji, lakini giza likikaribia maneno yalimtoka kidogo kidogo. Kule kuna nyasi zinazokatwa na kumwagiwa maji, na hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuzila. Watu wengi wameketi wanakula njugu, na wewe umesimama juu ya kichuguu, wote wanangoja mkono wako. "Wote wamenyamaza, Naliaka. Kabla hujaachilia mpira, wote wamenyamaza." Kisha alikuwa akiutazama mpira mkononi kama mtu anayeangalia saa iliyosimama.

Mwishoni mwa kila jioni alinikunja na kunikunjua vidole, kimoja kimoja, na mimi nilikuwa namwuliza swali lile lile juu ya mkono.

"Umepona?"

"Bado kidogo."

Senge aliuliza, akajibiwa bado kidogo. Mama wa vitunguu alibeba "bado kidogo" mpaka Bungoma na kurudi na salamu: mama anasema nijitahidi. Nikajitahidi. Kwa Mungu nilijitahidi. Nilikuwa nikibana mawe kitandani. Wakati wa kupanda nilikuwa nabeba mtungi wa maji kwa mkono ule, nikidondosha mbegu kwenye mashimo kwa vidole vile vile, na jioni nikienda kuambiwa bado kidogo. Sikushangaa. Daktari ndiye daktari. Mahindi yakaota, yakapaliliwa, yakanifika kiunoni, na mimi bado nilikuwa mgonjwa.

Nitakuambia jambo lingine, na ulibebe taratibu. Nilimlilia mama kila usiku. Na kila jioni, nikikata kona ya saipras na kumwona amesimama pale anautupa mpira juu na kuudaka akinisubiri, nilisahau kulia. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani ya mtoto mmoja na havikugombana.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua baada ya mvua. Nilikuwa nimepanda kichuguuni. Nilirusha kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Aliinua mkono audake, bega likamkatalia, mpira ukampita na kugonga tangi. Lililia kama kengele ya kanisa. Ukimya ulipofuata, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Huyo ndiye mgonjwa?"

Mama. Amevaa viatu vya plastiki, vumbi mpaka magotini, kikapu cha ndizi kichwani na Senge nyuma yake anahema. Alikuwa amekonda. Hakuwa ametuma neno; alikuwa amechoka kungoja neno.

Nilitaka kukimbia kwake, nikabaki juu ya kichuguu. Alinijia yeye. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akaugeuza tena. Akashusha kikapu, akaniwekea mpini wake kiganjani.

"Shika."

Nikashika.

"Inua."

Nikainua. Akaongeza pakiti ya unga aliyomletea Senge. Nikainua. Akamgeukia daktari, na mama yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku ile alipandisha.

"Daktari, bado nini?"

"Mama, vidole vya mtoto..."

"Nimekuuliza bado nini. Mimi nalala na makaa, naamka na makaa. Nimeajiri mtu wa kunikandia unga na ananiibia. Mtoto wangu anabeba kikapu mbele ya macho yangu. Bado nini?"

Senge akaanza, "Mama Naliaka, si daktari ndiye anajua..."

"Anajua nini? Si mnasema hapa anajua mifupa? Hii mifupa inaumwa wapi?"

Yule mtu mkubwa alisimama mikono ikining'inia. Alitazama tangi, akatazama kichuguu chake. Halafu akasema polepole, kana kwamba anaeleza ugonjwa:

"Mama, hakuna mwingine huku anayejua kudaka."

Mama hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Senge alidhani ni Kiingereza. Mama alichukua kikapu chake, akanishika mkono, ule ule, kwa nguvu mpaka ukauma, na tukaondoka. Nilivua glavu kwa meno nikiwa natembea, nikampa Senge airudishe. Nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Nilikuwa nakwenda kwa mama.

Tulipofika kwenye mwanya wa saipras akaniita. "Naliaka!" Nikageuka. Mpira ulikuwa tayari hewani. Safari hii mkono wake ulikuwa umepita sikio, umepanda mpaka juu kabisa, na mpira ulikuja na sauti, ukivuma. Mama alipiga kelele akainama. Mimi nilikuwa na mkono mmoja tu uliokuwa wazi, wa kushoto, na wa kulia ulikuwa ndani ya kiganja cha mama. Nikauchomoa ule wa kulia. Niliuangalia mpira mpaka ukaingia.

Uliniunguza kama makaa. Haukuanguka.

Nilipoinua macho, alikuwa amekaa juu ya kichuguu ameshika bega, na uso wake sikuuona vizuri kwa jua. Nilitaka kumrushia. Mama akasema, "Twende." Nikauweka mpira kikapuni, katikati ya ndizi.

Bungoma nilikanda unga. Shule nilisema nitaanza muhula ujao, na muhula ujao ulikuwa na watu wengi wa kula. Sijutii. Mkono ulipata nguvu ambayo wasukumaji wa mikokoteni waliogopa kusalimiana nayo. Tulilala mimi na mama kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, harufu ya mafuta ya kupikia kwenye nywele zetu, na alikuwa akiniambia hadithi za watu wa soko mpaka nacheka kwenye blanketi. Mwaka wa 2006 aliugua, na hakumaliza mwaka. Nikabaki na jiko.

Nilirudi Kiminini kabla muongo ule haujaisha, nikiwa na viatu vyangu mwenyewe na sukari ya Senge. Mpira nilikuwa nao mfukoni, nikitaka kumrushia mzee. Kliniki ilikuwa duka la mbolea na dawa za ng'ombe. Kichuguu kimelimwa, maharagwe yamepandwa juu. Senge akaniambia daktari alizikwa kwao Misikhu mwaka uliopita, kwamba watu walikuwa wengi, na kwamba siku hizo za mwisho hata homa walikuwa wameanza kumpelekea.

"Alikuwa anacheza na nani?" nikauliza.

"Kucheza? Na mpira gani? Si mliondoka nao." Akamimina chai. "Alikuwa anakaa tu pale nje jioni. Mimi nilijua umepona wakati wa kupanda, mtoto wangu. Nilikuona na mtungi. Nikamwambia, daktari, huyu si amepona? Akasema bado kidogo. Nani anabishana na daktari?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kikombe kikiwa mdomoni, na chai ikaniunguza. Mpira ulikuwa mmoja. Hapakuwa na mwingine Kiminini, wala Kitale, wala popote alipoweza kufika. Nami nilikuwa wakati ule nimeshapona, na aliyekuwa bado ni yeye.

Kuanzia kupanda mpaka mahindi kufika kiunoni, jioni zile zilikuwa za mama. Alizichukua. Ningelala mgongo kwa mgongo na mama kila usiku wa miezi ile, na mama hakuwa amebakiwa na mingi. Nimekaa na jambo hili miaka, nikikanda. Kuna siku nakasirika naye mpaka unga unakuwa mgumu. Halafu mtu anaingia na mkoba uliolowa, na anayenijia kwanza si mama, ni yeye, amesimama kando ya tangi anautupa mpira juu na kuudaka peke yake akisubiri nikate kona. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalolitamani.

Leo nina hoteli moja Bungoma yenye meza kumi, na nyingine ndogo Kitale anayoisimamia ndugu yangu. Nina ploti Kiminini, si mbali na lile duka la mbolea. Nina ng'ombe wawili wa gredi, friji, majiko manne, tangi la maji la chuma, na mkono wa kulia unaofunga na kufunguka. Nina watoto wawili. Nina mpira mmoja, uko kwenye rafu juu ya magunia ya unga.

Nikiwarushia watoto, wanaukwepa.